Mafiga Matatu ya Kitenzi Kimoja

Katika kila lugha niliyopata kuisoma, kitenzi kinachotumika kuliko vyote ndicho kilichochakaa kuliko vyote. Ni kama kizingiti cha nyumba ya ukoo: kila apitaye hukikanyaga, na kwa kukanyagwa hupoteza umbo lake la kwanza. Mtu anayejifunza Kijerumani hulikuta jambo hili siku ya kwanza. Kabla hajafundishwa kusema anakula au anakwenda, hana budi kufundishwa kusema kwamba yeye ni fulani, mtu wa mahali fulani. Kitenzi cha kusemea hayo ni sein, yaani kuwa.

Mimi nilikutana nacho mjini Leipzig mwezi Septemba 1986, katika Taasisi ya Herder, ambako wanafunzi wa kigeni tulifundishwa lugha kabla ya kuingia vyuo vikuu vya nchi iliyokuwa ikiitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Mwalimu wetu aliandika ubaoni: ich bin, du bist, er ist, wir sind, ihr seid, sie sind. Mimi ni, wewe ni, yeye ni, sisi ni, ninyi ni, wao ni. Mahali ambapo sisi twaweza kuwatosheleza watu wote kwa kineno ni, Mjerumani anahitaji maneno matano. Kisha akaandika wakati uliopita: ich war. Na chini yake, umbo la kukamilisha: gewesen. Nikamwuliza inakuwaje bin, ist na war, ambayo hayafanani hata kwa herufi moja ya mwanzo, yakaitwa kitenzi kimoja. Akanijibu kwa upole kwamba ndivyo kilivyo, na dawa yake ni kukikariri.

Tulikikariri. Jibu lile lilitosha kwa mtihani, lakini mimi lilinibakia moyoni. Sisi tuliolelewa katika Kiswahili tumezoea vitenzi ambavyo mzizi wake hautikisiki: nasoma, nilisoma, watasoma, asiposoma. Viambishi huja na kuondoka kama wageni barazani, lakini mwenye nyumba, som, hukaa pale pale. Kuona kitenzi ambacho mwenye nyumba hubadilika kila mlango ufunguliwapo, hilo lilikuwa jambo la kutafutiwa sababu. Nimeitafuta kwa miaka mingi, kidogo kidogo, kama mtu anayeuliza habari za jamaa yake kila afikapo mji mpya. Nitakayoyasema hapa ndiyo niliyoyapata.

Mwaka 1816 Franz Bopp, mzaliwa wa Mainz, alichapisha kitabu cha kulinganisha minyambuliko ya vitenzi vya Kisanskriti na ile ya Kigiriki, Kilatini, Kiajemi na lugha za jamii ya Kijerumani. Kazi yake na ya waliomfuata ilithibitisha kwamba lugha hizo ni ndugu wa tumbo moja. Na kitenzi cha kuwa ni miongoni mwa mashahidi wao wakubwa. Mjerumani husema ist, Mrumi alisema est, Mgiriki esti, Mhindi wa kale asti, na Mwajemi mpaka leo husema ast. Mjerumani husema sind, Mrumi sunt, Mhindi wa kale santi. Hapana aliyemwazima mwenzake, wote walirithi.

Lakini urithi huu haukutoka katika chungu kimoja. Kitenzi sein kimekaa juu ya mafiga matatu, na kila figa limetoka jiwe lake.

Figa la kwanza ni mzizi es, ambao maana yake ya kale haipiti ile ya kuwa. Ndimo yalimotoka ist, sind, seid na sein lenyewe. Figa la pili ni mzizi bhu, na maana yake ilikuwa kukua, kuchipua, kutokea. Ndimo ilimotoka b ya bin na bist, na be ya Waingereza. Wagiriki walitumia mzizi huo huo kuundia neno physis, yaani maumbile, vitu viotavyo vyenyewe. Na kutoka huko tukapata neno fizikia, ambalo watoto wetu hulisoma shuleni bila kujua kwamba ndani yake mmekaa ndugu wa bin. Wajerumani nao wanalo bauen, kujenga, na Bauer, mkulima, na hata Nachbar, jirani, yote ya ukoo huo. Figa la tatu ni mzizi wes, na maana yake ilikuwa kukaa, kushinda na kulala mahali. Mhindi wa kale alisema vasati, anakaa. Ndimo yalimotoka war na gewesen.

Basi tukiyafuata maneno mpaka kwenye shina, yule asemaye ich bin anasema kwamba amechipua. Asemaye er ist anasema tu kwamba mtu yupo. Na asemaye er war anasema kwamba mtu yule alikaa, alilala hapa. Sina maana kwamba Mjerumani wa leo huyasikia hayo anaponunua mkate. Lugha ingetuelemea kama kila neno tungelibeba pamoja na babu zake. Hata hivyo mafiga hayachagui kuonekana. Chungu kikiinuliwa, yapo.

Kuna mambo mawili zaidi yanayopendeza katika historia hii. La kwanza ni kwamba neno bin lenyewe ni chotara. Wagothi, ambao lugha yao ni ndugu wa kale wa Kijerumani, walisema im kwa maana ya mimi ni, kutoka figa la kwanza. Wajerumani wa kale walisema bim: wamechukua b ya figa la pili wakaipachika mbele ya mabaki ya figa la kwanza. Kwa hiyo kila Mjerumani anapojitaja nafsi yake hutamka mawe mawili kwa pamoja. Hapo kale hata sisi na ninyi walikuwa na b yao, birum na birut. Baadaye yakafifia, na sisi akaazima sind kutoka kwa wao.

La pili ni ile r ya war. Katika Zama za Kati Wajerumani walisema ich was katika umoja na wir waren katika wingi, kama Waingereza wanavyosema was na were hata leo. Mwanachuoni wa Kidenmaki, Karl Verner, alieleza katika miaka ya 1870 kwamba tofauti kama hiyo ya s na r ilitokana na mahali ulipokuwa mkazo wa sauti maelfu ya miaka iliyopita. Mkazo wenyewe ulikwisha hamia kwingine, lakini kovu lake likabaki. Wajerumani walichoka na kovu hilo wakaeneza r kote, Waingereza wamelitunza.

Sharti niseme neno la tahadhari hapa. Mwanafalsafa Martin Heidegger, aliyeandika kitabu maarufu kuhusu kuwa na wakati mwaka 1927, aliifahamu mizizi hii mitatu vizuri na kuijadili katika mihadhara yake ya mwaka 1935. Ni mtu huyo huyo aliyejiunga na chama cha Hitler mwaka 1933. Na si mbali na Leipzig, nje ya mji wa Weimar, iko kambi ya Buchenwald, ambamo watu zaidi ya 50,000 walikufa. Kwenye lango lake la chuma yameandikwa maneno Jedem das Seine, kila mtu na chake, na herufi zimeelekezwa ndani ili wafungwa wazisome. Hilo seine si kitenzi chetu. Ni kimilikishi, yaani -ake, chenye asili nyingine, na kufanana kwake na sein ni sadfa tu. Lakini niliposimama mbele ya lango lile niliona jinsi watu walioijua sana lugha ya kuwa walivyowanyima wenzao haki ya kuwa. Kujua mizizi ya neno hakumfanyi mtu kuwa mwema. Elimu ya lugha isibebeshwe mzigo isioweza kuuchukua.

Baada ya kukaa na mafiga ya wenzetu niligeuka kuyatazama ya kwetu, nikakuta kwamba hatuna cha kuwacheka. Sisi pia tumejenga jiko letu kwa mawe mbalimbali. Tunasema yeye ni mwalimu. Hilo ni ni. Tunasema yeye aliye mwalimu. Hapo ni limepotea na mahali pake pamekaa li. Tunasema atakuwa mwalimu. Sasa limekuja wa, kutoka kuwa, neno ambalo katika lugha nyingi za Kibantu huonekana kama ba. Tukiulizana u hali gani, tunajibu tu wazima, na hapo kiambishi cha nafsi peke yake kimefanya kazi ya kitenzi kizima. Ni, li na wa: mafiga matatu.

Tena lile li lina siri kubwa. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanatueleza kwamba li ya wakati uliopita, ile ya nilikwenda na tulikula, asili yake ni hiyo li ya kuwa. Hivyo kila tusimuliapo jambo lililopita, hata kama ni kuchota maji tu, tumeficha ndani yake neno la kuwa. Mjerumani naye hufanya jambo la jirani na hilo. Vitenzi vyake vingi, akitaka kusema limekwisha tendeka, huvisaidia kwa haben, kuwa na. Lakini vitenzi vya kwenda, kuja, kuzaliwa, kufa, kugeuka na kubaki huvisaidia kwa sein. Hasemi nimekuja kwa neno moja kama sisi. Husema ich bin gekommen, kana kwamba kuja kwake kumekuwa hali yake.

Bwenini petu alikuwako bibi mmoja mzee aliyekuwa akifagia ngazi na kupiga deki. Siku moja nilimwuliza kama ana ndugu. Akajibu kwamba alikuwa na kaka, akaongeza: er ist im Krieg geblieben. Neno kwa neno, amebaki vitani. Mimi nilidhani atasema alikufa. Yeye alitumia kitenzi cha kubaki pamoja na ist ya wakati uliopo, kama mtu asemaye habari za ndugu aliyechelewa njiani. Vita vilikuwa vimekwisha miaka zaidi ya 40. Baadaye niligundua kwamba huo ndio msemo wao wa kawaida kwa waliouawa vitani, na kwamba bibi yule hakuwa ametunga kitu. Lakini hata msemo wa kawaida ulikuwa na mtu wake wa kwanza aliyeshindwa kusema war. Nikakumbuka jinsi kwetu tunavyosema marehemu ametangulia, wala hatusemi amekwisha.

Neno bin lina kisa chake upande wa kwetu, nacho ni cha sadfa lakini kinauma. Katika Kiarabu, na kwa hiyo katika majina ya watu wa pwani, bin ni mwana wa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Maandishi yake yamo katika kitabu Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, na hata leo anayetaka kujua jinsi watu wa pwani walivyooa, walivyozika na walivyocheza ngoma hana budi kukirudia. Jina lake, kwa sikio la wanafunzi wake Wajerumani, lilikuwa na neno lao la kwanza katikati: Mtoro, mimi ni, Mwinyi Bakari. Kwetu sisi bin humwambia mtu katoka kwa nani. Kwao bin humwambia mtu yeye ni nani.

Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata walisafiri kwa meli kuja Dar es Salaam, lakini wakuu wa koloni hawakukubali Mwafrika na mke wake Mzungu wakae pamoja nchini, wakawarudisha. Alimalizia maisha yake Berlin, akafa huko mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha Wajerumani lugha ya nchi yake hakuruhusiwa kushuka katika nchi yake. Kila nisemapo ich bin, nikataja na kwetu nilikotoka, huyo mzee hunijia akilini.

Na sind, neno la wengi, nimeliona likibadilisha historia mbele ya macho yangu. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana katika barabara za Leipzig, baada ya sala za Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai na makanisa mengine. Askari walikuwa tayari, na hakuna aliyejua kama risasi zitalia. Hazikulia. Watu walipaza sauti: Wir sind das Volk. Wakati ule nilijitafsiria kwa Kiswahili, nikaona lazima niseme Sisi ndio umma. Ndio, wala si ni. Maana walikuwa wakiwajibu viongozi waliojiita sauti ya umma. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba, na katika majuma yaliyofuata kelele ikageuka: Wir sind ein Volk. Sisi ni umma mmoja. Kitenzi ni kile kile, sind, na Mjerumani alibadilisha kineno kidogo tu, das kikawa ein. Lakini Kiswahili hakikuniruhusu kupita bila kuona. Kiliniondolea ndio, kikanipa ni. Kelele ya kwanza ilikuwa ya mtu anayedai mamlaka yake. Ya pili ilikuwa ya mtu anayetaja ukoo wake.

Nasi tuliokuwa na ngozi nyingine tulianza kujiuliza kama tumo katika wir hiyo ya pili. Katika ile ya kwanza mtu angeweza kusimama kando ya barabara na moyo wake ukaandamana. Katika ya pili palikuwa na mlango, na mlango huwa na bawabu. Maelfu ya wafanyakazi wa mikataba kutoka Msumbiji walirudishwa kwao katika miaka ya 1990 na 1991. Sehemu ya mishahara yao ilikuwa imekatwa kwa ahadi kwamba watalipwa nyumbani. Wengi hawakupata haki yao kamili, na kwa miaka mingi waliandamana mjini Maputo wakiidai. Watu wa huko huwaita Madgermanes. Sijui kunyambua kitenzi chochote kwa uzuri wa kuwatosha.

Liko umbo jingine ambalo mwanafunzi huchelewa kulipata, nalo ni sei. Mwandishi wa gazeti akiandika der Minister ist krank, anasema waziri ni mgonjwa, naye ni shahidi. Akiandika der Minister sei krank, anasema kwamba imesemwa hivyo, na yeye mwenyewe hayumo. Kwetu neno eti hukaribia kazi hiyo, lakini eti lina kicheko ndani yake; sei halicheki wala haliungi mkono. Nimetamani mara nyingi tungekuwa na sei yetu kwa ajili ya habari za mitaani.

Nimekiacha kwa makusudi kile cha mwisho, gewesen. Ni umbo la kukamilisha la kitenzi cha kale wesan, ambacho kama kitenzi kimekwisha kufa katika Kijerumani, lakini jina lake, Wesen, lingali hai, na maana yake ni kiini, asili, tabia ya kitu. Hegel, katika kitabu chake cha mantiki, sehemu iliyotoka mwaka 1813, aliona kwamba lugha yake imehifadhi kiini ndani ya umbo la wakati uliopita, kana kwamba kiini cha kitu ni kile kilichokwisha kuwa. Mashuleni husema anwesend kwa aliyehudhuria na abwesend kwa asiyekuwapo. Nao ni watoto wa wesan.

Ninacho cheti cha chuo kikuu kilichokuwa kikiitwa Karl Marx kuanzia mwaka 1953 hadi 1991, katika nchi iliyokoma kuwako tarehe 3 Oktoba 1990. Chuo kingali hapo kwa jina la mji wake, lakini muhuri ulio kwenye karatasi yangu ni wa nchi isiyokuwapo. Watu wameniuliza mara kwa mara nchi hiyo ilikuwa nzuri au mbaya. Iliwafungia watu wake ndani na kuwachunguza mpaka vitandani; na hiyo hiyo ilinifundisha, ikanilisha, ikanipa kazi ninayoifanya. Yote mawili ni war. Anayetaka nichague moja anataka nikate mguu mmoja wa kitenzi.

Ndugu msomaji, ukimkuta kijana wako akinung'unika juu ya bin, ist na war, usimwambie tu akariri. Mweleze kwamba neno alilonalo mdomoni ni watu watatu waliokutana zamani sana: mmoja alichipua, mmoja alikuwapo, mmoja alilala mahali usiku akaondoka asubuhi. Mwambie pia kwamba hata yeye, kila asemapo nilikwenda, nilikula, nilipenda, amemchukua mmoja kama hao bila kumjua jina. Kisha mwache akariri, maana mtihani nao uko.